Kitenge kimoja cha Uhuru, wanawake 14 wenye maumbo 14, tushone mshono gani?

Mama Tunu wa Temeke

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada wenu mapema maana nikichelewa yatakuwa yale yale ya mwaka jana. Sisi ni kikundi cha kinamama 14 hapa Temeke, tunaweka na kukopa, na kila tarehe 9 Desemba lazima tuvae sare ya Uhuru, kuna wanaoenda uwanjani na kuna wanaobaki kupika pilau kwa mwenyekiti, lakini sare kila mtu anavaa. Kitenge tumeshanunua Kariakoo, pamba kabisa siyo kile cha kuteleza, chini ni cheusi alafu kina maduara ya njano na kijani makubwa kama sahani ya kikombe cha chai na vimistari vya bluu vinapita katikati, yani ukikiona tu unaona bendera. Kila mtu kapata yadi 4.

Shida sasa ni mshono. Mwaka jana tulipiga kura ukashinda mshono mmoja wa kubana mpaka magotini alafu chini unafunguka, tukampelekea fundi vitenge vyote kwa pamoja, akapima watu 6 tu wengine akakadiria kwa macho. Siku yenyewe kati yetu waliopendeza walikuwa wanne. Mimi duara lilinikaa katikati ya kitovu kabisa kama mtu kalilenga, nikashinda siku nzima nimeweka pochi mapajani, na kuna mwenzetu alivaa akajiangalia akavua akarudi zake nyumbani analia, sherehe hakuja. Mpaka leo linaniuma kwa sababu mimi ndo nilikuwa katibu na pesa za fundi nilikusanya mimi.

Mwaka huu nimesema hapana, kila mtu ashone kinachomfaa. Lakini sijui nianzie wapi. Mimi nimezaa watatu kwa kisu, tumbo lipo na kifua kikubwa ila miguu myembamba. Mama Asha juu mwembamba kabisa ukishuka chini hipsi hizo. Kuna binti mmoja mrefu mwembamba sana yeye kila nguo inamning'inia. Kuna mfupi mnene. Kuna mjamzito wa miezi 7 kufikia hiyo tarehe. Na kuna bibi yetu ana miaka 70 na kitu, mabega yanamuuma hawezi kunyanyua mikono. Tusaidieni jamani, na bado tuonekane tumevaa sare siyo kila mtu kaja na lake.

Fundi wa Mtoni

Mama Tunu pole sana, na huyo dada aliyerudi nyumbani mpe pole yangu pia. Mimi ni fundi, nipo kwenye cherehani mwaka wa 19 huu, na hicho ulichosema nakiona kila mwezi wa 11 na wa 12. Ngoja nikueleze kwa kirefu kidogo.

Watu wote wakija wanaleta picha kwenye simu, nishonee hivi. Hakuna anayeniuliza duara litaangukia wapi. Na kwa kitenge chenye maua makubwa hilo ndo la kwanza kabla hata ya mshono, kwa sababu jicho la mtu linaenda kwenye rangi ya njano kwanza, likae tumboni jicho litaenda tumboni, likae begani jicho litaenda begani. Kwa hiyo kabla hujapeleka kwa fundi simama mbele ya kioo, jifunge kitenge kama unaenda kuoga, alafu kishushe kipandishe taratibu mpaka uone ile sehemu nyeusi iliyo katikati ya maduara imekaa juu ya tumbo. Hapo choma pini palipo chini ya kifua na nyingine palipo kiuno. Hicho kitenge mpelekee fundi na pini zake mwambie hapa ndo kiuno changu usihame. Fundi mvivu atanuna maana kukata kwa kufuata ua kunamaliza kitambaa, lakini wewe ndo unayevaa.

Sasa hesabu ya yadi 4, maana nimeona watu wanaumia hapa. Yadi 4 ni inchi 144. Upana wa kitenge ni kama inchi 45. Gauni refu la inchi 55 mbele na nyuma limekula 110, zimebaki 34 za mikono na shingo na kupanga maua. Inatosha kwa gauni lililonyooka, hata mwenye hipsi 48 anaingia vizuri kwa sababu mbele unakata kama 27 na pembeni kinabaki kipande cha mkono. Lakini mkitaka rinda pana la kuzunguka mpaka chini msijidanganye, haitoshi, fundi atawaunga viraka au atawabana. Bora liishie chini ya goti.

Wewe mwenyewe sasa. Tumbo na kifua kikubwa, watu watakwambia kata chini ya kifua alafu mwaga marinda. Usikubali marinda pale mbele! Marinda chini ya kifua kikubwa yanaanzia mbali na tumbo kwahiyo nguo inasimama kama hema na watu wanakuuliza mimba ya miezi mingapi. Shona gauni la vipande virefu vinavyotoka begani vinapita juu ya kifua vinashuka mpaka chini, liguse mwili kwenye mbavu pale chini ya sidiria maana hapo huna nyama nyingi, alafu liachie polepole. Shingo ya V, siyo ndefu, ishuke vidole vinne kutoka kwenye kishimo cha koo. Maduara yasikae mawili sambamba kifuani, hilo kosa nimeliona mara nyingi mno, moja kila upande, mtu anashindwa kukutazama usoni. Bora hiyo V ipite katikati ya duara moja. Na miguu myembamba ndo mtaji wako, gauni liishie chini kidogo ya goti, lisifike pale mguu unapoanza kunenepa, siyo likufunike mpaka kisigino.

Mama Asha kinyume chake. Yeye maduara yapande juu, mabegani na mikononi, mkono wa puto anauweza kabisa, shingo pana ya boti, chini abaki na sehemu nyeusi nyingi na sketi inayofunguka kuanzia kwenye hipsi. Fundi ampime amekaa. Nasisitiza hili, apimwe hipsi AKIWA AMEKAA kwenye kiti maana zinaongezeka hata inchi 2 na huko uwanjani mtakaa kwenye zege masaa, kitenge hakivutiki kama jezi, kikikosa nafasi kitapanda au kitachanika mshono wa nyuma.

Mjamzito akate chini ya kifua na marinda, yeye ndo wake. Ila mbele liwe refu kuliko nyuma kwa inchi 2 au 3, tumbo linanyanyua nguo, usipofanya hivyo mbele litaonekana fupi kama limeazimwa. Na kitambaa cha ziada kiachwe ndani ya mishono ya pembeni, akishajifungua anabana anaendelea kuvaa.

Kipimeni na sidiria mtakayovaa siku hiyo. Na kabla ya kukata LOWEKENI kitenge usiku mmoja, kikauke, kipigwe pasi. Pamba inarudi, na ule ukavu wa dukani ukiisha ndo unajua kitaangukaje mwilini.

BintiUnguja

Assalam alaykum. Fundi umesema maneno yenye faida wallahi. Mie naongezea la kichwani maana naona mmesahau, na huku kwetu tarehe 12 Januari ikifika ya Mapinduzi ndo tunahangaika nalo.

Kama katika hao 14 wamo wanaojistiri basi ushungi usiwe wa kitenge hicho hicho. Maua makubwa yakija usoni yanamla mtu uso, hasa mwenye uso mdogo. Chukueni rangi moja iliyomo ndani ya kitenge, mweupe wa rangi avae kijani ya kukoza, mweusi kama mimi njano inatuwaka mashallah, tena inang'arisha uso kwenye jua. Wasiovaa ushungi wapige kilemba cha rangi hiyo hiyo. Hapo sare imeshapatikana, wote vichwa vinafanana hata kama magauni mbali mbali, mtu akitazama kwa mbali anaona kundi.

La pili, kuna watu wakishaona mwili mkubwa jibu lao ni dera. Mie dera nalipenda la nyumbani na la jioni, lakini kwenye sherehe mtu mnene akivaa kitu hakina mwisho wala mwanzo anaonekana mpana kuliko alivyo, hasa huyo mfupi. Kama anataka upana basi angalau mabega yakae sawasawa begani. Bega la nguo likishuka mpaka kwenye mkono wa mtu, basi hata nguo ya bei kubwa inaonekana ya kuazima. Mabega yakikaa, kwingine kote kunaweza kuwa na nafasi na mtu bado akaonekana nadhifu.

Twiga mrefu

Naomba kumsemea huyo binti mwembamba maana kwenye mambo haya huwa tunasahaulika kabisa, watu wanadhani ukiwa mwembamba kila kitu kinakukaa. Hapana. Mimi nina futi 5 na inchi 11 na kilo 54, niliitwa kimbaumbau tangu shule ya msingi, na nguo za sare kwangu zilikuwa mateso, fundi anakata saizi ya wote alafu ananiambia utafunga mkanda. Ukifunga mkanda kwenye gauni pana unakuwa kama gunia limefungwa kamba jamani.

Kilichonisaidia mimi ni blauzi na sketi badala ya gauni. Blauzi ibane mbavu alafu kiunoni iwe na rinda fupi la kukaza linalosimama juu ya hipsi, lazima ndani fundi aweke kitambaa kigumu la sivyo linalala na hakuna linachofanya. Sketi iwe nyembamba ya chini ya goti. Hayo maduara makubwa ambayo nyie mnayakwepa, sisi ndo tunayataka, yakae kwenye hipsi kabisa na mgongoni. Na blauzi isiwe isiyo na mikono, mikono myembamba ikitoka kwenye kitobo kipana inaonekana vijiti. Mkono wa kufika kwenye kiwiko wenye marinda begani, hapo anatoka malkia.

Na tafadhali mwambieni anapendeza. Mimi nilifika miaka 26 ndo mtu wa kwanza kuniambia.

Baba Wawili

Samahani kinamama naingia kidogo. Mke wangu yuko kwenye kikundi kama hicho huku Morogoro na mwaka huu wamesema waume nao washone shati la kitenge hicho hicho. Mimi nina kitambi, sikatai. Sasa nikivaa shati la kitenge likiwa ndani ya suruali tumbo lote linatangulia, nikilitoa nje linakuwa kama nguo ya kulalia. Nifanyeje? Nilifikiria Kaunda suti ila kwa maua makubwa sina uhakika.

Fundi wa Mtoni

Kaka usiwe na wasiwasi hilo linatibika. Kaunda suti ya maua makubwa mwili mzima mwenye kitambi hapana, itakuwa pazia. Lakini suruali nyeusi ya kawaida na juu shati la kitenge lililokatwa kama koti la Kaunda, yani chini limenyooka siyo la mviringo, pembeni lina mipasuo midogo ya inchi 3, linaishia katikati ya zipu ya suruali. Likivuka hapo unakuwa mfupi, likiwa juu ya hapo mkanda unaonekana na tumbo linaning'inia. Livaliwe nje. Mfuko wa kifuani upangwe ua lake liendane na ua la shati, usionekane umebandikwa. Na kwenye vifungo mbele mwambie fundi aweke kipande cheusi kitupu cha upana wa inchi 4 kutoka shingoni mpaka chini, hicho kinagawa tumbo mara mbili, jicho linashuka nacho haliendi pembeni. Upimwe baada ya kula siyo asubuhi hujanywa hata chai.

MwanaMvita

Hamjambo dada zangu, mie niko Mombasa, nasi siku tatu baada yenu, 12 Desemba, tunayo Jamhuri kwahiyo haya yanatuhusu sawa sawa. Hilo wazo la kipande cheusi ndilo nilokuja kusema kwa upande wa wanawake. Kitenge kikiwa na maua makubwa chukua kitambaa cheusi kitupu yadi moja na nusu tu, ukitie ubavuni pande zote mbili kutoka kwapani hadi chini. Kwa mbele yaonekana kitenge peke yake katikati, na pembeni mwili unapotea kwenye weusi. Huyo dada mfupi mnene ndiyo dawa yake, yaonekana amepungua na amerefuka kwa pamoja. Sisi bendera yetu ina nyeupe pamoja na nyeusi, nyekundu na kijani, na nyeupe hiyo niliwahi kuitia mlazo kwenye hipsi kama mshipi, sirudii tena. Ikisimama wima ni sawa, ikilala yatanua.

Huyo bibi naye mbona mwamtesa na fundi? Mama wa miaka 70 asiyeweza kunyanyua mikono mpeni leso, mnaita khanga huko, doti moja ya rangi zenu. Moja ya kiunoni moja ya mabegani. Akitaka gauni basi lifunguke mbele lote kwa vifungo, asiwe na kulivaa kwa kichwani.

Tena nikifikiria, zamani mashaka haya hayakuwepo. Vikundi vya lelemama, ile ngoma ya kinamama, vya huko Dar na vya huku pwani vilikuwa na sare, Bibi Titi Mohamed mwenyewe kabla ya siasa za TANU alikuwa mwimbaji wa ngoma, na kinamama wa vikundi hivyo ndio aliwatia kwenye chama miaka ya 50. Sare zao mara nyingi zilikuwa vitambaa vya kujifunga. Kitambaa cha kujifunga hakimkatai mtu, mnene atajifunga, mwembamba atajifunga, mwenye mimba atakilegeza. Tulipoanza kukata na kushona watu wote mfano mmoja ndipo tulipoanza kulizana.

Mama Tunu wa Temeke

Nimewasomea wote kwenye kikao cha Jumamosi neno kwa neno, yule dada aliyerudi nyumbani mwaka jana (ndo huyo mfupi) alikuwa kimya muda wote, fundi uliposema kuhusu pini akainuka akachukua kitenge akaenda chumbani kwa mwenyekiti kwenye kioo. Tukafuata wote. Tulishinda humo mpaka saa moja usiku tunafungana vitenge na kuchomana pini, yani sijawahi kuona kikao kimenoga hivo. Tumekubaliana vilemba na ushungi vya njano wote, nguo kila mtu na mshono wake, mikono yote iishie kwenye kiwiko ili kuwe na kitu cha kufanana.

Swali langu dogo, fundi, tumegawana kwa mafundi watatu ili kuwahi, ni sawa? Na huku joto la Desemba unalijua, nitie bitana au nisitie?

Fundi wa Mtoni

Mafundi watatu ni sawa ila kila fundi apewe watu wenye miili inayokaribiana siyo mchanganyiko, na mpeleke kabla ya tarehe 15 Novemba, baada ya hapo tunaingiliwa na mahafali na Krismasi na fundi yeyote atakuahidi uongo siyo kwa kupenda. Bitana gauni zima usiweke, utaiva. Weka ya pamba nyepesi kifuani tu mpaka kwenye mbavu, inashika umbo na inanyonya jasho. Na jaribuni nguo wiki moja kabla, ukae, uiname, unyanyue mkono kama unapunga bendera. Mkono ukinyanyuka na gauni lote likapanda nalo ujue kwapa limekatwa chini mno, lirudishwe.

Mama Tunu wa Temeke

Wapendwa nimerudi. Nguo 11 zimeshatoka. Ya kwangu nimeijaribu jana usiku watoto wamelala, vipande virefu kutoka begani kama fundi ulivyosema, V imepita katikati ya duara moja, na tumboni pako peusi kabisa, njano inaanzia chini ya paja. Baba Tunu aliamka akauliza unaenda wapi saa hizi. Mama Asha na mkono wake wa puto ametuma picha kwenye kundi mara nne. Yule dada mfupi alitia vipande vyeusi ubavuni, alipotoka nayo kwa fundi hakuvua, alipanda nayo daladala mpaka nyumbani.

Ya binti mwembamba imerudishwa kwa fundi maana kile kitambaa kigumu cha ndani hakuweka, rinda limelala kama Twiga ulivyosema, nimeenda mwenyewe kumsimamia. Ya mjamzito bado.

Bibi amekataa gauni la vifungo, amesema anataka khanga, maana usiku ule wa mwaka 1961 bendera ya Tanganyika inapandishwa yeye alikuwa mtoto na mama yake alikuwa na khanga. Tumempatia doti ya kijani na njano. Ila ameweka sharti, jina la khanga likae nyuma katikati lisomeke lote, na kwa kuwa ni mfupi likikunjwa kiunoni linajificha, kwahiyo kesho nampelekea pini mbili na mkanda mwembamba wa mpira tumfunge juu ya kiuno, alafu asimame nimuangalie kutoka mlangoni kama linasomeka.